Pombe ya Ndizi na Muchanga Yenye Kuimba

FÉLICIEN: Haloo? Haloo! Ni magazini ya muzee Katsuva, Bunia?

DOROTHÉE: Ndiyo. Na weye ni nani?

FÉLICIEN: Dorothée! Ni mi, Félicien! Niko ku posta, huku Maroc.

DOROTHÉE: Félicien gani? Kuko Félicien wa kuuza mafuta, kuko Félicien wa kupiga kengele ya kanisa—

FÉLICIEN: Wako!

DOROTHÉE: Aaa, ule. Ule sijamuona tangu mwaka jana. Jambo yako, citoyen.

FÉLICIEN: Jambo, Doro. Rémy, mwenzangu wa shule mwenye alirudi, alikufikishia neno yangu, kumbe.

DOROTHÉE: Alifikisha. Siku ya posho, Jumamosi, kwa Katsuva, ungojee simu. Niko hapa tangu mbele ya saa ya chakula.

FÉLICIEN: Baba iko? Mama iko?

DOROTHÉE: Wote wako. Na hapa tuko wengi. Muzee Katsuva anajifanya anapanga sabuni. Mama Léontine alikuya kununua chumvi, alishaipata, lakini miguu inamukatalia kutoka.

FÉLICIEN: Umusalimie.

DOROTHÉE: Alishasikia. Anakuitikia na kichwa.

[Laini inakwaruza.]

FÉLICIEN: —unasikia? Nilitaka kukuambia. Wakati wa Pashka, shule yetu ya kuchimba visima ilitupeleka jangwani, siye wanafunzi wageni wote, ndani ya bisi. Nilikuwa turiste, Doro!

DOROTHÉE: Weye? Turiste?

FÉLICIEN: Na kofia.

DOROTHÉE: Na aparey ya foto shingoni?

FÉLICIEN: Aparey ilikuwa ya mwalimu. Lakini niliishika kidogo.

DOROTHÉE: Mungu wangu. Mutoto wa muzee Rwambuzi.

FÉLICIEN: Sikia basi. Kule kuko vilima vya muchanga mutupu. Hakuna majani, hakuna ng'ombe, hata nzi hakuna. Na ile muchanga inaimba.

DOROTHÉE: Félicien, unakula vizuri huko?

FÉLICIEN: Nasema kweli! Unapanda mpaka juu, unaikaa, unateremuka na matako. Muchanga inateremuka pamoja na weye, njo inaanza kunguruma chini yako. Mmmmm! Unaisikia mpaka ndani ya meno.

DOROTHÉE: Ngoja kwanza. Wazungu wanatoka kwao, wanapanda ndege, wanakuya kuteremuka na matako?

FÉLICIEN: Ndiyo.

DOROTHÉE: Watoto wa hapa wanafanya vile kila mvua ikinyesha, nyuma ya nyumba yetu, juu ya maganda ya mugomba. Mama zao wanawachapa. Kumbe tungewaita turiste.

FÉLICIEN: Cheka tu.

DOROTHÉE: Si mi. Ni Mama Léontine.

FÉLICIEN: Mi kwanza nilibaki chini, nasikiliza wenzangu wakiteremuka. Doro, ile sauti ni camion. Camion ya samaki, inatoka Kasenyi, inapanda mulima na mizigo, inalia pole pole, unajua? Ile ile. Nikasimama. Nikaenda pembeni, nikanyoosha mukono.

DOROTHÉE: Ulisimamisha camion? Ndani ya jangwa?

FÉLICIEN: Mukono ulijinyoosha wenyewe. Wenzangu walicheka mpaka wakagaagaa. Mpaka leo wananiita Musyu Camion.

DOROTHÉE: Na ulitaka ikupeleke wapi, Musyu Camion?

FÉLICIEN: [kimya]

DOROTHÉE: Haloo?

FÉLICIEN: Niko. Laini ilikatika.

DOROTHÉE: Haikukatika. Nilikuwa nakusikia unapumua.

FÉLICIEN: Na ngamia! Sikukuambia habari ya ngamia! Iko na mudomo sawa ya mutu mwenye alinyimwa nyama ku matanga, na ukiikaribia—

DOROTHÉE: Félicien.

FÉLICIEN: —inakutemea—

DOROTHÉE: Félicien. Tangu utoto, ukiwa na neno ya kuficha unaongea mingi. Acha ngamia.

FÉLICIEN: Neno gani?

DOROTHÉE: Baba yako mudogo Athanase alikuya kwetu jana.

FÉLICIEN: Na pombe?

DOROTHÉE: Pombe ya ndizi ya kuniposa, mutungi muzima, umefungwa na majani. Alivaa koti na hii joto yote. Akaikaa, akakohoa, akasema mutoto wao iko mbali lakini roho yake iko hapa.

FÉLICIEN: Alisema vizuri!

DOROTHÉE: Alisema vizuri. Sasa unajua desturi. Baba akaniita katikati ya watu: "Binti yangu, hii pombe tuikunywe, ao tuirudishe?"

FÉLICIEN: Na weye ukasema muikunywe.

DOROTHÉE: Nikasema sufuria inaungua.

FÉLICIEN: Doro!

DOROTHÉE: Ilikuwa inaungua kweli. Akaniuliza mara ya pili, nikaenda kuipua. Kesho, nyuma ya misa, ataniuliza ya mwisho. Athanase alirudi kwake na kiu yake.

FÉLICIEN: Lakini ju ya nini? Mi nilijua mulishakunywa! Nilipiga simu nisikie furaha, na weye—

DOROTHÉE: Rémy hakuleta salamu tupu. Alisema direkta yenu anataka ubaki miaka mbili ingine. Uchimbe visima mule mwenye muchanga inaimba.

FÉLICIEN: Rémy iko na mudomo ya mwanamuke.

DOROTHÉE: Mwanamuke ni mi, na nilinyamaza tangu alifika.

[Laini inakwaruza.]

FÉLICIEN: —aliniuliza tu. Sijakubali.

DOROTHÉE: Ulikataa?

FÉLICIEN: Ni kazi ya maana, Doro. Wanakupa nyumba, wanakupa—

DOROTHÉE: Ulikataa?

FÉLICIEN: Sijakubali.

DOROTHÉE: Hiyo nilishaisikia. Hata Mama Léontine alishaisikia.

FÉLICIEN: Wa posta ananionyesha mukono, jeton za simu zinaisha! Kesho utasema nini?

DOROTHÉE: Muzee Katsuva ameacha sabuni. Watu wote wananiangalia.

FÉLICIEN: Doro, nakuomba. Ile siku, kama ile camion ingekuwa ya kweli, kama ingesimama... ningepanda. Hata viatu ningeacha.

DOROTHÉE: Hiyo njo neno ya kwanza ya kweli tangu haloo.

FÉLICIEN: Basi wakunywe?

DOROTHÉE: Weye umeniletea jibu nusu. Kesho nitamuambia baba: mukunywe nusu. Nusu ingine ibaki ndani ya mutungi, imungojee mwenyewe.

FÉLICIEN: Nusu? Nani alishaona vile? Wazee watasema nini?

DOROTHÉE: Baba atakasirika, nyuma atacheka. Athanase hatasema kitu, iko na kiu.

FÉLICIEN: Lakini shule inaisha mwezi wa saba! Pombe ya ndizi, mpaka mwezi wa saba? Itageuka siki!

DOROTHÉE: Najua.

FÉLICIEN: Itanuka, Doro!

DOROTHÉE: Itanuka sana. Na weye utaimaliza mbele ya baba yangu, kikombe ku kikombe, bila kukunja uso. Ukichelewa zaidi, inazidi ukali. Sasa uchague.

FÉLICIEN: Kesho asubui niko kwa direkta!

DOROTHÉE: Kesho ni siku ya Mungu. Direkta iko kwake.

FÉLICIEN: Nitamufuata kwake! Nitamuamusha! Umuambie baba mutungi aufunge muzuri, aufunge na majani mapya, aufunge na—

[Laini inakatika.]

DOROTHÉE: Haloo? Félicien? ... [anaweka simu chini] Nitaufunga mi mwenyewe.