Mstari Nilioruka

Mheshimiwa Baba Askofu. Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Maktaba. Walimu na wanafunzi wa theolojia. Wafanyakazi wa chumba cha maandiko ya kale. Mume, watoto na wajukuu wa mstaafu wetu. Ndugu wageni waalikwa: nawasalimu nyote. Kama kuna niliyemruka anisamehe, maana habari ya leo yenyewe ni ya kuruka.

Mimi ni mwandishi wa magazeti. Kwa miaka thelathini na minne nimeombwa kusema mazuri ya watu mara nyingi kuliko nilivyoyaona mazuri hayo. Ya leo nimeyaona.

Miaka kumi na minane iliyopita niliingia jengo hili na nia mbaya kidogo. Pale mlangoni, chini ya kioo, palikuwa na ukurasa wa Injili wenye kibao kilichosema "karne ya tatu". Watu walikuja kwa mabasi kuutazama. Wahubiri waliutaja mimbarani. Nami nilikuwa nimedokezwa kwamba umri huo si wake, na jubilei ya maktaba ilikuwa imebakiza wiki tatu. Nani kati yenu angekiacha kichwa cha habari kama hicho?

Katika chumba cha maandiko ya kale nilimkuta mstaafu wetu, ambaye mnamwita Mama Penseli kwa sababu kalamu ya wino haivuki mlango wake. Alikuwa akisoma kwa sauti, mwenzake akifuata kwa kidole kwenye nakala ya pili, kisha wote wawili wakahesabu mistari. Nilijiandaa kuzungushwa.

"Mama, ni kweli ukurasa ule si wa karne ya tatu?"

"Kweli. Ni wa karne ya kumi na moja. Keti, bwana mwandishi, ila kalamu hiyo iache nje."

Akanionyesha. Daftari la kwanza la mapokezi ya maandiko liliharibiwa na mchwa, lakini makarani watatu walikuwa wamelinakili. Mmoja alikutana na mistari miwili iliyoanza kwa maneno yaleyale, jicho lake likaruka, akaupa ukurasa wetu umri wa kipande kingine, cha mkopo, kilichokwisha kurudishwa kwa mwenyewe. Kibao kilitokana na nakala hiyo. Makarani wengine nao walikosea, ila mahali pengine.

"Kila mmoja amekosea kwake," akasema. "Waweke meza moja, wataumbuana wenyewe."

Nikaona upenyo. "Basi na walionakili Injili walikosea."

"Sana! Tena makosa ya aina hiyohiyo. Ndiyo maana nalala usingizi."

Nakala zile, alisema, ni maelfu, za watu wasiojuana, katika nchi zilizo mbalimbali. Hapakuwa na mtu wa kuzikusanya zote azifananishe kwa hila. "Wewe umekaa mahakamani ukiandika habari za kesi. Mashahidi wakifanana neno kwa neno, unawaamini?" Kisha akaongeza jambo ambalo sikumuuliza: "Hili halithibitishi kwamba Bwana alifufuka. Linaonyesha kwamba ushuhuda wa waliosema hivyo umetufikia. Lililobaki utaamua mwenyewe."

Ndipo Mwenyekiti alipoingia. Ndugu Mwenyekiti, uliniruhusu niseme, kwa hiyo usiangalie chini.

"Mama, subiri jubilei ipite," alisema. "Utawavunja watu imani."

"Nikilificha hili, Mwenyekiti, nani atanisadiki nikisema lile la Injili?"

"Na kazi yako je?"

"Kazi yangu ndiyo hii."

Akatoka na penseli, akafuta "tatu" iliyokuwa kwenye kibao, akaandika "kumi na moja". Alisimamishwa kazi siku hiyohiyo. Alikaa nyumbani miezi miwili. Mumewe ananiambia kwamba kwa miezi hiyo hata orodha ya sokoni ilisomwa kwa sauti na kuhesabiwa mistari.

Jubilei ilifika, na watu wakaja. Walisoma kibao, wakauliza, wakaelezwa, wakaleta wenzao. Mwenyekiti akaenda mwenyewe kumrudisha, na tangu hapo hakuna kibao humu ndani kilichotundikwa kabla yeye hajakihesabu mistari. Hebu niwaulize: ni taasisi ngapi mnazozijua zinazoweza kusimama zikajivunia kosa zililolisahihisha zenyewe? Hii ni mojawapo. Na mtu aliyeiwezesha yuko mbele yenu, na kama kawaida anakunja uso kwa sababu nimemsifu bila kumpa nafasi ya kuhakiki.

Lakini alihakiki. Leo asubuhi nilimpelekea hotuba hii, nakala chafu na nakala safi. Akazihesabu. "Ya kwanza ina mistari tisini na miwili," akasema. "Hii ina tisini na mmoja."

Nikamwambia jicho liliteleza: mistari miwili iliyofuatana iliishia kwa neno lilelile, nami nikauruka wa pili.

"Jicho tu?" akauliza. "Au mwenye jicho aliona haya?"

Akanipa penseli yake, nikauandika pembeni. Uko hapa. Nausoma kama ulivyokuwa:

"Nilikuja kuipinga Injili kwa kosa la karani, na huyu mama alinionyesha kosa lote bila kuficha herufi; naamini leo, na nilianzia pale."

Mama, sasa ni tisini na miwili.

Mheshimiwa Baba Askofu, ndugu zangu wote, nawashukuru kwa kunisikiliza hadi mstari wa mwisho.