Kapteni Vroman, Aliyeshindwa Kila Kiangazi

Baada ya miaka thelathini na minne ya kushindwa vita ileile, Bwana Delbert Vroman, mwongozaji mkuu wa wageni wa Ngome ya Plattner, anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba. Hongera, Kapteni! Kila Agosti tunaigiza hapa siku ile ya mwaka 1813, katika vita ya Marekani na Uingereza iliyoanza 1812, Waingereza walipovuka mto kutoka Kanada wakaiteka ngome yetu. Delbert ndiye kamanda wa Wamarekani, kwa hiyo hupandisha kitambaa cheupe, hukabidhi upanga, kisha huyoo jikoni. Huku kwetu aliyeshindwa ndiye anayeosha vyombo vya chakula cha jioni. Na Waingereza wetu, ambao ni majirani zetu Wakanada wa ng'ambo, wanakula si mchezo.

Alikuja hapa kama fundi wa kuziba paa. Akaona koti la kamanda limetundikwa ukutani, akalijaribu, likamkaa. Paa linavuja mpaka leo.

Mimi ni daktari wa jeshi lake, nakata miguu ya mbao watoto wakipiga mayowe, kwa hiyo nimemsikia akifundisha mara nyingi kuliko mkewe. Hupanda juu ya pipa na kuuliza: “Mtu akikusimamishia meli yako, akamchukua kaka yako akamtumikishe kwake, utanyamaza?” Watoto: “Hatunyamazi!” “Na kama wewe mwenyewe unalimezea mate shamba la jirani, utasema?” Watoto huangaliana. “Haya! Sisi tulikuwa na sababu zote mbili. Ile ya pili, ya kuitamani Kanada, hatukuipigia ngoma.”

Kisha huwaeleza mwisho wake: miji imechomwa huku na huku, mpaka umerudi palepale ulipokuwa, na kila upande umekwenda nyumbani ukitamba kwamba umeshinda. “Sasa nani alishindwa? Muulizeni Bi. Loretta.” Hapo mwenzetu Loretta Jimerson, Mseneka, mmoja wa wenyeji wa asili wa huku, ambaye wazee wake walikuwa na ardhi hii kabla ya ngome kuwepo, huwajibu watoto: “Watu wetu walipigana pande zote mbili. Kwenye meza ya mapatano hatukuitwa, lakini ardhi yetu ndiyo iliyoliwa.”

Vituko vyake navyo, jamani! Mwaka mmoja alificha mkate wake wa mahindi ndani ya mzinga, kwa sababu mle mna kivuli. Akasahau. Mzinga ukalia, mkate ukawanyeshea Waingereza. Kamanda wao, Dkt. Maureen Haggarty, ambaye siku za kawaida hung'oa meno, aliokota kipande kwenye kofia yake, akatafuna, akapaza sauti: “Hauna siagi!”

Lakini tuseme kweli. Delbert alitamani kushinda. Mara moja tu! Kila Agosti, mikono ikiwa kwenye povu, alimtishia Maureen: “Mwakani utanitambua!” Naye: “Sugua sufuria, Kapteni.” Sisi askari wake tulimsihi tuigeuze hadithi, angalau siku ya mvua wageni wakiwa wachache. Alikataa katakata. Watoto wametoka mbali, alisema, waone kilichotokea.

Basi Agosti hii, vita yake ya mwisho, Maureen akapanga zawadi bila kumwambia mtu. Delbert alipopandisha kitambaa chake cheupe ukutani, kule chini Maureen naye akapandisha cha kwake. Lahaula! Majeshi mawili, yote yamesalimu amri. Mpiga ngoma wetu akapiga kila wimbo anaoujua. “Shusha hicho!” Delbert alifoka. “Wewe ulishinda!” “Leo sitaki!” Maureen akajibu, akapanda ngazi, akamtia upanga wake mkononi. Tukalipuka kwa shangwe. Mimi nilirusha mguu wa mbao hewani, ukamwangukia sajenti.

Delbert alisimama na panga mbili. Aliutazama umati, akawatazama watoto. Kisha akashuka ngazi polepole, akapita katikati yetu hadi langoni, mahali ambapo igizo letu humwacha Loretta amesimama bila la kufanya vita ikiisha. Akampa panga zote mbili.

Loretta alizipokea, akazipima uzito. “Mmechelewa miaka mia mbili,” alisema. “Haya, wote jikoni!” Na wote tukaenda, Wamarekani kwa Waingereza. Delbert na Maureen walisukumana kwenye karai moja wakicheka mpaka sahani tatu zikavunjika. Loretta alikaa kichwani mwa meza, akala taratibu, akaomba aongezewe. Kuanzia mwakani pipa la Delbert ni lake, na amekwisha kutuonya kwamba hadithi itaanzia mbali zaidi ya 1812.

Asante, Kapteni, kwa kutufundisha na kutuvunja mbavu. Nenda kavue samaki wako, umsikilize mkeo, ule mkate wenye siagi. Ushindi uliutamani miaka yote, ukaushika kwa muda wa kushuka ngazi tu, ukampa aliyestahili. Tulioshindwa chini yako tunakutakia afya na furaha tele, na ukituita tushindwe tena, tutakuja mbio.