Buti za Zamu Mbili

Fundi cherehani alijifanya anatazama dirishani, lakini masikio yake yote yalikuwa kwa mlinzi aliyeketi mbele yake ndani ya treni, akifoka.

"Goti nimelichua, nimelifunga, nimemeza vidonge mpaka basi! Kumbe mbaya wangu ni hii!" Akanyanyua buti. Kisigino kilikuwa kimelika upande wa ndani.

Mzee aliyekaa ubavuni mwake akaguna. "Mguu wako ndio unalalia ndani, mwanangu. Mguu ukilala, goti linaufuata, na nyonga nayo inalia. Usisingizie kiatu."

"Mguu wangu umenyooka, mzee! Buti hizi tunavaa wawili, mchana mimi, usiku mwenzangu. Yeye ndiye anayekanyagia ndani. Kampuni inasema saizi ni moja, kelele za nini!"

"Si ukatae?"

"Nikatae, mwenzangu alinde geti na kandambili?"

Fundi, ambaye hata suruali hajawahi kuwashonea watu wawili kwa kipimo kimoja, akageuka kukitazama kisigino kile.

Treni ikasimama. Mlinzi akashuka akichechemea, magoti yakigongana. Mwenzake, aliyekuwa akizingoja buti stesheni, kandambili miguuni, akaja kumlaki kwa mwendo uleule.