Mama Vua Viatu Alivyoulinda Mlango

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwalimu wa lugha ya Kijapani, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vua Viatu. Ameuawa. Ameuawa kwa nondo, mchana kweupe, mlangoni pa darasa lake.

Darasa lilikuwa chumba kimoja nyuma ya gereji. Kijapani ndani, viatu nje, kama wafanyavyo Wajapani wenyewe. Hata diwani alivuliwa. "Soksi imetoboka, mheshimiwa, lakini karibu," alimwambia, darasa likaangua kicheko.

Kila mwaka mwanafunzi wake mmoja alikwenda Japani kuishi na familia ya huko, na mmoja wa huko alikuja kukaa kwetu. Midomo ikaanza. Eti anauza watoto! Mama wa kijana aliyekwenda mwaka huu alipita nyumba kwa nyumba: "Jamani, mwanangu nimeongea naye jana, ameshiba kuliko nyinyi!" Nani alimsikiliza?

Jumanne wakaja. Kundi zima, nondo na mawe, wakimtaka binti wa Kijapani aliyekuja kwetu mwaka huu. Binti yumo ndani na wenzake. Nje viatu vimejipanga, vinawataja wote.

Dada yake mwalimu, fundi cherehani wa jirani, aliona kila kitu. "Alitoka, akafunga mlango, akakaa katikati ya viatu. Akaanza kunadi! 'Mtumba huo, wanangu, chagueni! Leo hakuna darasa.' Wawili wakaanza kujipimia. Nikasema, amepona dada yangu."

Mmoja akainua ndala ndogo.

"Na hizi za nani, bibi?"

"Zangu."

"Haya, vaa."

Hazikuingia.

Walimpiga kichwani. Walimpiga mikononi, maana alishikilia kitasa. Vidole vilivunjika, hakuachia. Walipombandua na kuuvunja mlango, chumba kitupu. Wanafunzi walikuwa wamempitisha binti dirishani, wakakimbia pekupeku juu ya vyuma vya gereji. Wote wako hai. Binti yuko hai. Mwalimu alikata roho mapajani mwa dada yake.

Kwa dada, kwa wanafunzi, poleni sana. Sote tunalia nanyi. Na sisi wapenda maneno, mimi wa kwanza, tujiulize kila neno tunalolipeleka kwa jirani linakwenda kumfanya nini mtu.

Nawe uliyeshika nondo, najua unatusikia. Dada mtu ameniomba nikuulize hewani: aliyekufulia lile shati, ulimwambia ni damu ya nani?