Miaka Ishirini na Tisa ya Vyuma Vikali: Papa Bertin Mwamba Anaagwa

Brussels, Jumapili, tarehe 15 Machi 2026. Katika wasifu huu nitasema yote, pamoja na lile jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusu.

Papa Bertin Mwamba, mnoaji wa viatu vya barafu wa klabu yetu ya hoki, anastaafu Jumanne tarehe 31 Machi, baada ya miaka ishirini na tisa na miezi mitano ya kazi. Tutamwaga Jumamosi tarehe 28, saa tisa alasiri, mara tu watoto watakapomaliza mazoezi. Mwenyekiti atamsifu kwa Kifaransa na katibu kwa Kiholanzi. Papa Bertin mwenyewe aliomba ukurasa mmoja wa programu uandikwe kwa Kiswahili, "juu watu ya kwetu nabo basome bila kuuliza jirani." Kazi hiyo nilipewa mimi, Emmanuella, kwa sababu mbili. Ya kwanza, kila Jumatano mchana najifunza Kiswahili cha kuandika kwa Mwalimu Annemie, aliyefundisha mjini Likasi, Kongo, miaka kumi na minne kabla ya kurudi Ubelgiji. Ya pili, tangu Oktoba nimekuwa msaidizi wa Papa Bertin katika chumba cha kunolea. Hiyo ya pili ndiyo mzizi wa lile jambo.

Papa Bertin alizaliwa Lubumbashi mwaka 1960, akasomea ufundi wa kukereza vyuma. Hapa uwanjani aliajiriwa Oktoba 1996 kusafisha vyumba vya kubadilishia nguo. Barafu aliyoijua ni ile ya ndani ya friji. Siku yake ya kwanza alikatiza uwanja na viatu vya kawaida, ndoo mkononi, na wazee wa klabu husimulia hadi leo kwamba ndoo ilifika upande wa pili kabla yake.

Mnoaji wa wakati huo aliitwa Jef. Wiki chache baadaye, Papa Bertin aliokota kiatu cha mchezaji mmoja kilichosahauliwa chini ya benchi, akapitisha ukucha juu ya chuma chake, akamwambia Jef kwamba upande mmoja uko juu kuliko mwingine. Jef alicheka, kisha akapima, kisha akaacha kucheka. Kabla ya mwaka kwisha Papa Bertin alikuwa ameketi mbele ya mashine ya kunolea, na hakuondoka tena.

Kwa wageni wasioujua mchezo: chuma cha kiatu cha barafu si kama kisu. Kina kingo mbili, na katikati yake kuna mfereji mdogo. Ukingo mmoja ukizidi mwingine hata kwa unene wa karatasi, mchezaji anageuka na mguu unakwenda kwingine. Ili kupima, Papa Bertin hulaza juu ya chuma sarafu ya shaba ya Katanga ya mwaka 1961, yenye msalaba upande mmoja na ndizi upande wa pili, aliyoachiwa na baba yake. Sarafu ikilala sawa, kingo ziko sawa. Ikiinama, anarudia. Mwisho kabisa huchukua kijiwe kidogo chenye mafuta na kukipitisha kwa mkono pembeni mwa chuma, kuondoa nywele ndogo ndogo za chuma ambazo mashine huziacha. Hazionekani kwa macho. Naomba mkikumbuke kijiwe hicho.

Hakuwahi kuandika chuma cha nani kinataka nini. Alikuwa anajua. Aliweza kugeuza kiatu mara moja na kumwambia mtoto wa miaka kumi, "Weye unatembea kama bata, mutoto. Ona, kwa ndani imekwisha yote." Na mtoto alitoka pale anatembea kama askari.

Mmoja wa watoto hao alikuwa kaka yangu Florent. Alikuja hapa na darasa lake mwaka 2014, akiwa na miaka minane, na saa ilipokwisha alikataa kutoka barafuni. Mwalimu aliita. Mama yetu alipigiwa simu akiwa kazini. Aliyemtoa ni Papa Bertin, aliyesimama mlangoni na jozi ya viatu vya zamani mikononi. "Toka, nikunolee hivi. Ile ya kukodisha haikati hata siagi." Viatu vilikuwa vikubwa mno, kwa hiyo Papa Bertin alijaza soksi mbili mbele, na Florent alivivaa kwa misimu miwili.

Akiwa na miaka kumi na miwili aliingia timu ya vijana. Alikuwa mwembamba kuliko wote, na makocha walisema ana mbio lakini hana kilo. Papa Bertin alimtengenezea mfereji usio na kina kirefu, ili ateleze zaidi na achoke kidogo. Alipofika kumi na saba alichukuliwa na timu moja ya Uholanzi, na huko mazoezi yalikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka jana, akiwa na miaka kumi na tisa, alipata mkataba wake wa kwanza wa mchezaji wa kulipwa, huko Ujerumani, katika mji ulio mwendo wa saa moja kutoka Kolon. Mkataba ni wa msimu mmoja tu. Utaongezwa au utakwisha kufuatana na mchezo wa mwisho wa msimu, Jumapili tarehe 29 Machi, siku moja baada ya sherehe yetu. Ndiyo maana hatakuwapo.

Timu hiyo ina mnoaji wake, tena hodari. Florent alimjaribu mara moja, akasema miguu yake haimjui. Tangu wiki hiyo vyuma vyake, ambavyo huchomolewa viatuni, husafiri. Maman Berthe, ambaye kila Alhamisi hupanda basi hapa Gare du Nord kwenda kusuka nywele Kolon, huvibeba vimefungwa katika kitenge, na Jumatatu hurudi na vilivyochakaa. Mara moja polisi mmoja alifungua mfuko wake mpakani, akauliza hivi visu ni vya nini. "Hapana visu, mwanangu, ni viatu," Maman Berthe alimjibu, akionyesha upande wa Ujerumani. "Sehemu ya juu iko Allemagne, inangojea hii." Polisi alifunga mfuko, akamtakia safari njema.

Kazi yangu ilikuwa kupokea kitenge hicho Jumatatu baada ya shule, kukileta uwanjani kwa metro, na kukirudisha kituoni Alhamisi. Nilikuwa nafanyia masomo yangu pale pembeni ya mashine. Sikuwa na kazi nyingine hadi Oktoba.

Mwezi huo mkono wa kulia wa Papa Bertin ulianza kutetemeka. Daktari wa hospitali kule Woluwe alimwambia kwamba si ugonjwa wa kumwua, ila mkono huo hautaiweza tena kazi ya chuma. Aliporudi aliniita. "Kuya hapa. Leta mukono." Aliweka mkono wangu juu ya kishikio cha chuma na wake juu ya wangu, na ule mtetemo ukapita hadi kwenye kiwiko changu. "Unasikia? Bon. Tangu leo mukono itakuwa ya weye, macho itakuwa ya miye."

Kwa hiyo, wapenzi wasomaji, vyuma vya Florent tangu Oktoba nimevinoa mimi. Papa Bertin alisimama nyuma ya bega langu kila mara. "Hapana sukuma. Acha chuma itembee yenyewe, iko na akili kukupita." Sarafu ilipolala sawa alisema "haya," na hiyo ilikuwa sifa kubwa. Florent hakuambiwa. Papa Bertin aliogopa kumtia mashaka katikati ya msimu wake wa kwanza, nami niliogopa pamoja naye.

Alhamisi tarehe 15 Januari metro ilisimama njiani na nilichelewa. Papa Bertin alikuwa ndani ya gari la kulainisha barafu, kwa sababu dereva aliugua, kwa hiyo siku hiyo macho yake hayakuwapo. Nilinoa. Nililaza sarafu, ikalala sawa. Nilitazama saa, nikafunga kitenge, nikakimbia. Kijiwe sikukigusa.

Jumapili Florent alianguka mara tatu katika kipindi cha kwanza. Mara ya tatu mpinzani alichukua kile kisahani cheusi mbele yake akafunga bao. Jumatatu jioni simu ya Papa Bertin iliita, naye akaiweka sauti ya wazi kwa sababu mkono hautulii sikioni.

"Papa Bertin, c'est quoi ça, hii ni nini? Nageuka, chuma inanishika, kama mutu ananivuta kisigino! Kocha ameniweka benchi."

Papa Bertin alitazama meza. Kijiwe kilikuwa palepale nilipokiacha wiki iliyopita, kikavu. Alinitazama mimi.

"Ni miye njo nilikosa, mwana. Juu ya uzee. Unisamehe."

"Uzee? Wiki ile ingine haukukuwa muzee!"

"Uzee inakuya siku moja, bila kupiga hodi. Tuma zingine, nitatengeneza."

Simu ilipokatika nilimwuliza kwa nini amesema hivyo. "Ule anagongana na watu ya kilo mia," alisema. "Akianza kuwaza nani ananoa, miguu inakufa. Akikasirikia muzee, haina mubaya. Sasa shika kijiwe, tuone." Alinifanya nikipitishe mara arobaini, upande huu na ule, mpaka vidole vikanuka mafuta.

Florent alikaa benchi kwa wiki nne. Habari haikukaa benchi. Mwezi wa Februari, mbele ya kaunta ya kahawa, nilimsikia baba mmoja akisema, "Bertin? Mikono imekufa, alors anaharibia watoto kazi." Wazazi wawili walianza kupeleka viatu vya watoto wao dukani. Mimi nilikuwa nyuma ya baba huyo na kikombe cha chokoleti mkononi. Nilikunywa chokoleti yote ikiwa ya moto, nikajiunguza ulimi, nikamwacha aendelee.

Kwa hiyo nasema hapa, mahali ambapo kila mmoja atasoma. Katika miaka ishirini na tisa na miezi mitano, Papa Bertin Mwamba hajawahi kutoa katika chumba chake jozi moja mbaya. Jozi ile moja mbaya ilikuwa yangu. Wazazi wale wawili wamwombe radhi kwa kumpa mkono, ule wa kulia, na wasishtuke ukitetemeka.

Wiki iliyopita nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Alisugua sarafu kwenye aproni muda mrefu. "Ungengoja muchezo ya mwisho ipite," alisema. Nilimwambia kwamba sherehe ni kabla ya mchezo, na sitaki aagwe na uongo wangu mgongoni. Akasugua tena. "Bon. Andika. Lakini andika na yangu: miye nilimudanganya mutoto wa watu tangu Oktoba, na nilikuwa mukubwa." Nimeandika.

Naandika pia yaliyofuata, maana niliahidi yote. Florent alirudi uwanjani tarehe 15 Februari. Tangu siku hiyo amefunga mabao mawili na kutoa pasi tatu za mabao, na hajaanguka bila kuangushwa. Vyuma vilikuwa vile vile, na mkono ulikuwa ule ule. Kijiwe hakijakauka tena.

Papa Bertin, klabu inakushukuru. Tunakushukuru kwa soksi ulizojaza katika viatu vya watoto, kwa vyumba vyenye baridi ulivyovumilia ili sisi tuteleze, na kwa makosa uliyoyabeba ambayo hayakuwa yako. Umeahidi kwamba kuanzia Aprili hutagusa kitu chochote cha baridi, hata soda. Tunakuombea miaka mingi ya chai ya moto, na mikono yenye joto.

Sarafu ya Katanga hakunipa. Ameniazima hadi jibu litakapokuja, na jibu hilo halitoki kwake: mchezaji akiuamini mkono wangu, itabaki kwangu.

Florent, kaka yangu, nakala ya kwanza ya programu hii itafika kwako kabla ya sherehe, ndani ya kitenge, Alhamisi tarehe 26, mikononi mwa Maman Berthe. Pamoja nayo utakuta jozi mbili za vyuma. Yenye uzi mwekundu nimeinoa mimi, Papa Bertin akiwa nyuma ya bega langu, na sarafu ililala sawa. Isiyo na uzi hatukuigusa. Mpe mnoaji wa timu yako, ana siku mbili za kuifanyia kazi, na hakuna atakayekulaumu. Najua nimekupa la kuwaza wakati mbaya kuliko wote. Sikupata wakati mwingine.

Nijibu Ijumaa, ili Jumamosi nijue kama nimrudishie Papa Bertin sarafu yake mbele ya watu: Jumapili utavaa jozi gani?