Kigari Kilichochelewa Mazikoni

Ndani ya tuktuk iliyotoka Malindi, Mbeyu aliketi kati ya watu wawili wasiojuana: mzee Kambi na Gerishom, fundi wa magari.

"Kigari changu cha zamani, cha kuvuta kwa magurudumu manne, kilikuwa cha kabureta, kile kidude cha kuchanganya petroli na hewa," mzee alisema. "Kikizima, naifungua, naipuliza kwa mdomo, naenda zangu. Nikakiuza, nikanunua cha injekta, kinachopuliziwa petroli kwa umeme."

"Ulifanya vyema, mzee. Injekta hainywi petroli ovyo," Gerishom alisema.

"Hicho kipya kilinizimikia kwenye njia ya Jilore, siku ya kumzika dadangu. Nafungua boneti, naona nyaya tu. Nilipofika, watu wanaosha majembe."

"Pampu ya petroli hiyo. Ungeniita," alisema Gerishom, kana kwamba maiti husubiri fundi. Mbeyu alitamani kumfinya.

Tuktuk ilisimama.

"Hata ya kabureta ingeweza kuzima, mzee," Gerishom alisema.

"Ingezima," Kambi alikubali, akishuka. "Lakini ningekuwa na la kufanya."