Bi Adelina na Darasa Lililotaka Kugawanyika

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha Kijapani katika shule yetu ya jioni hapa Farsta, Uswidi, Bi Adelina Kokugonza anastaafu tarehe 12 Juni. Sherehe ameikataa mara mbili. Maandishi haya hawezi kuyakataa, yameshachapwa!

Alizaliwa Bukoba, akasomea ushonaji Osaka, na Kijapani alikiokota kwa akina mama wa kiwandani. Basi mwaka wake wa kwanza aliwafundisha Waswidi Kiosaka kitupu. Mwanafunzi wake Bruce alikwenda kwenye usaili wa kazi Tokyo, akawashukuru mabosi kwa "ōkini", kama muuza samaki wa Osaka. Walicheka mpaka machozi. Kazi akapata! Tangu hapo hakuna aliyemaliza kwa Bi Adelina bila kujua hōgen, yaani lahaja. Pia namari, lafudhi inayomfichua mtu alikotoka. Na -ben, inayobandikwa kwenye jina la mahali: Osaka-ben, lahaja ya Osaka.

Sisi lakini tunamkumbuka zaidi kwa Jumamosi moja, miaka miwili iliyopita. Darasa la Kiswahili la watoto wetu lilikuwa linavunjika. Khalfan wa Tanga alisema majani ya muhogo hayaitwi sombe, sombe si neno, ni kisamvu. Urbain wa Uvira akamjibu, kaka yangu, mimi nimekula sombe tangu sijaota meno. Kila mmoja akataka darasa lake. Watoto walikuwa kumi na wawili tu, na shule haitoi chumba kwa chini ya kumi. Kugawana kulikuwa ni kufunga.

Bi Adelina alikuwa anapita na chai yake. Akaingia bila hodi, akaandika ubaoni: hyōjungo, yaani lugha sanifu; na kyōtsūgo, yaani lugha ya pamoja, ya kuelewana. Akauliza, Wajapani wanatofautisha haya mawili, nyinyi wababa wazima mnashindwa nini? Kisha kila mzazi akapewa chaki aandike neno la kwao, na kando yake jina la kwao lenye -ben. Uvira-ben! Tanga-ben! Victoire, binti wa Urbain, akaandika Hagsätra-ben, kwa mtaa wao wa hapa hapa, watu wakaangua kicheko. Hakuna aliyeondoka.

Leo darasa lina watoto ishirini na mmoja. Wanaolifundisha ni Khalfan na Urbain, pamoja. Bado wanabishana kila Jumamosi, ila siku hizi watoto ndio wanaowaamua, tena kwa Kiswahili.

Asante, Bi Adelina. Lala mpaka saa nne, ukiamka ulale tena. Tunakuombea afya na siku ndefu zenye raha. Ukipita kutusalimia, kiti ni chako; kazi si yako tena.

Ni mimi, Maombi wa mapokezi